Kasi ya miguu haitabiri kuanguka: namna ya kumpima mgonjwa wa MS (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulitazama namna ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao wagonjwa na madaktari wengi huuita MS tu, unavyofanya kazi yake mwilini. Kinga inayopaswa kumlinda mtu inageuka na kuishambulia mayelini, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Utando huo ukiharibika, ujumbe unaotoka ubongoni kwenda miguuni huchelewa, hufika nusunusu au haufiki kabisa, na palipoharibika hubaki kovu gumu. Makovu hayo ndiyo yaliyomshughulisha Jean-Martin Charcot, daktari wa Hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliyeueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mwaka 1868. Leo tunashuka kutoka ubongoni hadi sakafuni. Mgonjwa ameshajulikana kuwa ana MS, na daktari wake au mtaalamu wa fiziotherapia anataka kujua mambo mawili: anatembeaje, na je, ataanguka? Kliniki nyingi huyachukua maswali haya kama swali moja, zikidhani kwamba aliyelijibu la kwanza ameshalijibu la pili. Ninavyouona ushahidi, hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza tumelipatia vipimo vizuri. La pili bado linajibiwa kwa kubahatisha, na jibu lake bora halitoki kwenye mashine wala kwenye saa.

Tuanze na kipimo kinachotawala. Mwaka 1955 John Kurtzke, daktari wa neva wa Marekani, alitunga mizani ya kupima ulemavu unaoletwa na MS, akaipanua mwaka 1983 ikawa ile inayojulikana duniani kote kwa herufi EDSS. Inaanzia 0, kwa mtu ambaye daktari akimchunguza haoni kasoro, na kuishia 10, yaani kifo kilichosababishwa na ugonjwa wenyewe, ikipanda kwa nusu alama. Chini ya alama 4 mizani hii hutegemea uchunguzi wa macho, hisia, nguvu za misuli, kibofu na mengineyo. Kuanzia 4 kwenda juu, karibu kila kitu hugeuka kuwa hesabu ya mita. Anayeweza kutembea mita 500 bila msaada na bila kupumzika yuko kwenye 4. Anayeishia mita 300 yuko kwenye 4.5, wa mita 200 kwenye 5, wa mita 100 kwenye 5.5. Akihitaji fimbo au gongo la upande mmoja ili azimalize hizo mita 100, amefika 6. Akihitaji kushika pande zote mbili ili aende mita 20, amefika 6.5, na asiyeweza kuvuka mita 5 hata kwa msaada amefika 7.

Mizani ya Kurtzke imefanya kazi kubwa na sikusudii kuidharau. Dawa nyingi za MS zinazotumika leo zimepimwa kwayo, na daktari wa Oslo akisema mgonjwa wake ana alama 6, mwenzake wa Toronto anamwelewa bila maelezo zaidi. Hata hivyo kasoro zake zinajulikana kwa kila anayeitumia. Hatua zake hazilingani, kwa kuwa kutoka 1 hadi 2 ni mabadiliko ambayo jirani hawezi kuyaona, ilhali kutoka 6 hadi 7 ni maisha kugeuka. Madaktari wawili wakimpima mgonjwa yuleyule wanaweza kutofautiana. Tena ni kliniki chache zenye nafasi ya kumtembeza mtu mita 500, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa huulizwa tu, “Unaweza kwenda umbali gani?” naye hukadiria, na binadamu ni mkadiriaji mbaya wa umbali wake mwenyewe. Kwa hoja yetu, kasoro kubwa ni nyingine: katika mizani yote hii hakuna mahali mtu anapopewa alama kwa kuanguka. Mgonjwa anaweza kutembea mita 500 bila kupumzika, akawa ameanguka mara mbili wiki iliyopita akitoka bafuni, na akaondoka kliniki akiwa na alama 4 ileile ya mwenzake ambaye hajawahi kugusa sakafu.

Kwa kuona mapungufu hayo, katika miaka ya 1990 Chama cha Taifa cha MS cha Marekani kiliwaita wataalamu watunge kipimo chenye namba zinazopimika kwa saa. Wakaunganisha majaribio matatu, la miguu, la mikono na la akili, na lile la miguu ndilo lililoshika zaidi: kutembea futi 25, yaani mita 7.62, kwa kasi kubwa kadiri mtu awezavyo bila kujihatarisha. Hufanywa mara mbili, kisha huchukuliwa wastani. Mtu mzima mwenye afya humaliza kwa sekunde nne au tano hivi. Watafiti walioongozwa na Myla Goldman walionyesha mwaka 2013 kwamba sekunde hizo chache zinabeba habari nyingi za maisha. Waliochukua sekunde 6 na zaidi walionekana mara nyingi kuwa wamebadilisha au kuacha kazi kwa sababu ya ugonjwa, au wameanza kutumia fimbo. Waliovuka sekunde 8 wengi wao walitumia fremu ya kutembelea na hawakujiweza tena katika shughuli za nyumbani. Imekubalika pia kwamba badiliko la asilimia 20 katika muda wa mgonjwa mmoja si la kupuuza. Kipimo hikihiki ndicho kilichofungua njia ya fampridini, dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani mahsusi kwa ajili ya kutembea kwa wagonjwa wa MS, Januari 2010. Katika jaribio lililochapishwa mwaka uliotangulia, asilimia 35 ya waliomeza dawa waliongeza kasi kwa namna ya kudumu, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Viko vipimo vingine, na vinatofautiana kwa kile vinachokidaka. Kutembea dakika mbili au sita hufichua uchovu, jambo ambalo futi 25 haziwezi, kwa sababu karibu kila mtu hujikaza kwa sekunde tano. Dodoso la maswali 12 lililotungwa London na kundi la Jeremy Hobart mwaka 2003 humuuliza mgonjwa mwenyewe ugonjwa umemzuia kiasi gani kupanda ngazi, kukimbia au kusimama akifanya kazi. Vyote hivi vinajibu swali la kwanza, na vinalijibu vizuri.

Sasa tulitazame la pili. Mwaka 2015 watafiti wa Australia, Sweden, Uingereza na Marekani waliunganisha takwimu zao za wagonjwa 537 ambao kila mmoja alikuwa ameandika kuanguka kwake kwa miezi mitatu. Asilimia 56 walianguka walau mara moja katika muda huo, na asilimia 37 walianguka mara mbili au zaidi. Nusu ya wagonjwa na zaidi, kwa robo moja tu ya mwaka! Idadi ya kuanguka haikupanda moja kwa moja kadiri ulemavu ulivyozidi, kama mtu angetarajia. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, vilele vyake vikiwa kwenye alama 4 na alama 6 za mizani ya Kurtzke. Kama kutembea vibaya na kuanguka vingekuwa kitu kimoja, mstari huo ungepaa hadi juu bila kuyumba. Karibu theluthi mbili ya maanguko hayo yalitokea ndani ya nyumba, na robo tatu yalitokea kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, saa ambazo watu wanafanya shughuli zao na mwanga upo.

Kwa nini vilele hivyo viwili? Maelezo yangu ni haya, na msomaji ayapime. Mwenye alama 4 bado anaishi maisha yake ya zamani: anakwenda kazini, anabeba mtoto, anakimbilia gari, ilhali miguu yake si ile ya zamani. Tabia haijalingana na uwezo. Mwenye alama 6 ndiyo kwanza ameshika fimbo, mkono wake mmoja umepotea kwa ajili ya fimbo hiyo, na kila kazi ya nyumbani inabidi ijifunzwe upya. Anayefika 7 hatembei sana, kwa hiyo nafasi za kuanguka akitembea zimepungua, ingawa kuna kuanguka kwa namna nyingine wakati wa kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Ikiwa ndivyo, hatari imekaa katika pengo kati ya mtu anachoweza na anachojaribu kufanya. Saa ya kliniki hupima upande mmoja tu wa pengo hilo. Kasi ya mita saba na nusu inatuambia kuhusu usalama wa mgonjwa kiasi kilekile ambacho kasi ya bodaboda inatuambia kuhusu usalama wa abiria wake: kitu fulani, lakini si kile tunachohitaji zaidi.

Hapa inafaa kusogea karibu na mwili wenyewe, maana watu wawili wenye sekunde zinazolingana wanaweza kuanguka kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Kuna ambaye misuli inayoinua unyayo imelegea. Vidole vyake vinaning'inia kila anaposogeza mguu mbele, akivuta nyonga juu ili visikwame. Huyu hahitaji hata kupimwa kwa mashine. Geuza kiatu chake uitazame soli, utakuta upande wa vidole wa mguu mmoja umelika huku mwingine uko salama. Ataanguka kwa kujikwaa kwenye ukingo wa mkeka au kizingiti cha mlango. Kuna ambaye misuli ya mapaja na vigimbi imekakamaa, magoti hayakunjiki upesi, na akisukumwa kidogo hawezi kupiga hatua ya kujiokoa. Kuna ambaye kovu limekaa kwenye ubongo mdogo: anatembea miguu ikiwa imetanuka, kila hatua na urefu wake, na akigeuka ghafla anapepesuka. Na kuna yule ambaye kovu liko nyuma ya uti wa mgongo, kwenye njia zinazobeba hisia ya mahali miguu ilipo. Mchana, macho yakimsaidia, anatembea vizuri na saa inampa sekunde nzuri. Akifumba macho kunawa uso, au umeme ukikatika, anayumba. Daktari Mjerumani Moritz Romberg alilieleza jambo hilo katika karne ya 19, na mpaka leo kumsimamisha mgonjwa miguu pamoja, macho yamefumbwa, ni uchunguzi wa nusu dakika usiogharimu chochote. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2009, ambamo wagonjwa 48 kati ya 76 waliandika maanguko 270 kwa miezi mitatu, uliikuta hisia hiyo iliyoharibika kuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na kuanguka.

Akili nayo ina sehemu yake. Kati ya asilimia 40 na 65 ya wagonjwa wa MS hupata upungufu fulani wa umakini, kumbukumbu au wepesi wa kufikiri, na kutembea kunakula akili zaidi ya tunavyodhani. Mtu mwenye afya hutembea huku akipiga gumzo kwa sababu kazi ya miguu imeachiwa sehemu za ubongo zisizohitaji kusimamiwa. Njia hizo zikikatikakatika, kila hatua huomba umakini, na umakini hauna akiba. Watafiti wa Umeå, Sweden, walilionyesha hili mwaka 1997 kwa njia rahisi kupita kiasi. Walitembea na wazee 58 wanaoishi katika makazi ya uangalizi, wakawaanzishia mazungumzo. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Wale walikuwa wazee na si wagonjwa wa MS, hilo lazima lisemwe, lakini wazo lenyewe limepelekwa kwa wagonjwa wa MS na limeonekana kushika: wakipewa kazi ya akili huku wanatembea, mwendo wao huharibika kuliko wa wenzao wenye afya. Kwa hiyo kipimo kinachofanywa kwenye ukumbi mtupu, kimya, mtaalamu akisema “haya, nenda”, kinampima mgonjwa katika hali ambayo hataikuta tena hadi kliniki ijayo. Nyumbani anatembea akiwa na sufuria mkononi, mtoto anamwita, simu inaita.

Kuna pia joto. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliandika juu ya wagonjwa ambao macho yao yaliingia ukungu baada ya kujichosha kwa mazoezi, kisha yakarudi walipopumzika. Baadaye ikajulikana kuwa joto la mwili ndilo linalofanya hivyo, kwa kuwa uzi wa fahamu uliovuliwa mayelini hushindwa kupitisha ujumbe joto likipanda hata nusu digrii ya Selsiasi. Kabla ya kuja kipimo cha MRI, madaktari walikuwa wakimtia mgonjwa kwenye maji ya moto ili dalili zilizojificha zijitokeze, na hivyo kuukisia ugonjwa. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Muscat ameshaona naelekea wapi. Mgonjwa aliyepimwa saa tatu asubuhi kwenye chumba chenye kiyoyozi si mgonjwa yuleyule saa tisa alasiri akisubiri gari juani. Karibu vipimo vyote nilivyovitaja vimetungwa na kujaribiwa katika nchi za baridi, ndani ya majengo yenye sakafu sawa. Havina kosa kwa hilo, ila anayevitumia pwani anapaswa kuandika saa na hali ya hewa pembeni ya matokeo, na ikiwezekana ampime mgonjwa huyohuyo asubuhi na tena baada ya mchana.

Ikiwa kasi haitoshi, nini kinatosha? Jibu linaaibisha kidogo kwa wepesi wake. Mwaka 2013 Michelle Cameron na wenzake wa Portland, jimbo la Oregon, walilinganisha vipimo mbalimbali, vikiwemo vya vifaa vya kupima kuyumba kwa mwili, na swali moja la kawaida: umewahi kuanguka katika kipindi kilichopita? Swali hilo lilitabiri kuanguka kwa siku zijazo kwa usahihi uleule wa vipimo vigumu. Aliyeanguka ataanguka. Na bado katika kliniki nyingi swali lenyewe haliulizwi, au huulizwa mlangoni mgonjwa akiwa ameshabeba mkoba wake, “Hujaanguka, sivyo?” naye kwa adabu hujibu hapana.

Atasema mtu kwamba ushahidi wa mdomo ni dhaifu. Mgonjwa husahau, hasa mwenye ugonjwa unaogusa kumbukumbu. Wengine huona haya. Wengine huogopa kunyang'anywa funguo za gari au kazi. Pingamizi hili ni la kweli, na ndiyo maana tafiti nilizozitaja hazikutegemea kumbukumbu, zilitumia kalenda ambayo mgonjwa huiwekea alama kila siku. Lakini tuone pingamizi linatufikisha wapi. Kusahau hupunguza idadi, mara chache huiongeza. Anayesema ameanguka, ameanguka. Anayesema hajaanguka ndiye wa kuulizwa tena, kwa maneno mengine, na mbele ya mtu anayeishi naye. Inasaidia pia kukubaliana kuanguka ni nini. Watafiti wa Ulaya walikubaliana mwaka 2005 kwamba ni tukio lisilotarajiwa linalomfikisha mtu chini, sakafuni au mahali pa chini kuliko alipokuwa. Kwa maana hiyo aliyedondokea kitandani bila kutaka ameanguka, hata kama hakuumia wala hakuna aliyeona. Waswahili husema kuteleza si kuanguka, na katika mambo mengi ya dunia ni neno la faraja. Kliniki ya MS isilifuate. Kila kuponea chupuchupu, kila kushika ukuta kwa dharura, kuandikwe, maana huja mara nyingi zaidi na huonyesha tatizo kabla mfupa haujavunjika.

Wengine wataligeuza pingamizi: kama swali moja linatosha, saa na viti vya nini? Tutupe vipimo vyote. Hapana. Kuulizwa kunatuambia nani. Hakutuambii kwa nini, na bila kwa nini hakuna tiba. Tena kuna wale ambao hawajaanguka hata mara moja, ambao historia yao haisemi kitu. Hapo ndipo kipimo cha kuinuka na kutembea, kilichopewa saa na Diane Podsiadlo na Sandra Richardson mwaka 1991, kinapoonyesha thamani yake, mradi mpimaji aitazame miguu badala ya saa peke yake. Mgonjwa amekaa kwenye kiti chenye mikono. Anainuka, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi, anakaa. Tazama kama amejisukuma kwa mikono ili ainuke, na kama amesimama kidogo kujiweka sawa kabla ya hatua ya kwanza. Tazama zaidi pale anapogeuka: mwenye afya hugeuka kwa hatua mbili tatu, mwenye hatari huzunguka kwa vihatua vingi vidogo, au mguu mmoja humgonga mwenzake. Tazama kama amekaa kwa kujitupa. Kisha arudie, safari hii akihesabu kwa kurudi nyuma, mia, tisini na saba, tisini na nne. Tofauti kati ya safari hizo mbili ni habari ambayo hakuna mizani ya Kurtzke inayoitoa. Kipimo cha Katherine Berg wa Canada, chenye kazi 14 na alama 56, nacho ni kizuri kwa kuona usawa wa mwili ulipoharibika, ila alama 45 inayotumika kama mpaka wa hatari ilipatikana kwa wazee, na mgonjwa kijana wa MS anaweza kuivuka kwa urahisi na bado akaanguka. Anayemwambia “umepata 50, uko salama” anampa ahadi asiyoweza kuitimiza.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu. Kumwambia mtu yuko hatarini kuanguka ni kumtia hofu, na hofu ina madhara yake. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 uliohusisha zaidi ya watu 1,000 wenye MS, wa umri wa miaka 45 na kuendelea, karibu theluthi mbili walisema wanaogopa kuanguka, na zaidi ya wanne kati ya kila watano wa hao walikuwa wamepunguza shughuli zao kwa hofu hiyo. Asiyetoka hudhoofika misuli, aliyedhoofika huanguka, na mifupa isiyobebeshwa uzito hupungua nguvu, mbali na ile iliyokwisha kuathiriwa na steroidi anazopewa mgonjwa ugonjwa unapomrudia. Nakubali hofu hiyo ipo. Lakini haikuletwa na kipimo; wengi wanaogopa kwa sababu wameshaanguka wakanyamaza. Kinachozidisha hofu ni tahadhari isiyo na sura, “jihadhari usianguke”, inayomwachia mtu dunia nzima ya kuiogopa. Tathmini iliyofanywa vizuri huipunguza dunia hiyo. Humwambia mgonjwa kwamba tatizo lake ni unyayo wa kulia kwenye vizingiti, hasa jioni, na kwamba kuna kifaa cha kuushikilia unyayo. Au kwamba ni giza, basi taa ya usiku iwekwe njiani kwenda msalani. Yaliyobaki ayafanye bila wasiwasi.

Na huku kwetu? Afrika Mashariki MS huonekana kwa nadra kuliko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, madaktari wa neva ni wachache, na mashine za MRI ziko katika miji mikubwa. Mtu anaweza kuuliza kama makala ya namna hii hayawahusu watu wa mbali. Lakini tazama orodha ya vinavyotakiwa: kiti, futikamba, saa ya simu, daftari, na mtu anayejua kutazama. Hakuna hata kimoja kisichopatikana katika hospitali ya wilaya. Kwa wachache waliokwisha kujulikana, kusubiri daktari wa neva hakuzuii kuulizwa kuhusu kuanguka. Nyumba zetu zinadai maswali yake pia, ambayo madodoso ya London hayana: mgonjwa anachuchumaaje chooni na anainukaje, bafu lina kitu cha kushika, anateka maji wapi, anapandaje daladala inayoanza kuondoka kabla mguu wa pili haujaingia. Anayeyauliza hayo atajua mengi kuliko aliyehesabu sekunde.

Kwa mgonjwa anayesoma haya, au ndugu anayemsomea, ombi langu ni la vitendo. Kuanzia leo wekeni kalenda ukutani na kuitia alama kila siku, ya kuanguka na ya kunusurika, pamoja na saa, mahali na alichokuwa akifanya. Siku ya kliniki ichukueni. Mgonjwa avae viatu anavyovivaa kila siku, visiwe vile vya kwendea mjini, na aende na mtu anayeishi naye. Mkishapimwa kwa saa, ombeni apimwe tena huku anaongea. Na mtaalamu asipouliza kuhusu kuanguka, mwambieni wenyewe. Wiki ijayo, katika sehemu ya tatu na ya mwisho, tutatazama mazoezi: ushahidi kwamba yanaimarisha usawa wa mwili ni mzuri, ushahidi kwamba yanapunguza idadi ya maanguko bado ni mchache.